Usijibu Ujumbe Huu

Kuna sentensi moja fupi ambayo wengi wetu tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Huwekwa mwishoni mwa barua pepe za mabenki, za kampuni za simu, za maduka ya mtandaoni, za vyuo na hata za taasisi za umma: "Tafadhali usijibu ujumbe huu." Kwa miaka mingi nami niliisoma bila kuitilia maanani. Kisha ikafika siku nikaiidhinisha kwa mkono wangu, ikaenda kwa maelfu ya watu. Makala haya yanahusu jinsi sentensi hiyo ilivyonirudia, na somo nililolipata, ambalo naamini halihusu matangazo ya biashara peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa dhamana ya kusimamia kitengo cha kozi fupi katika chuo nilichokuwa nikifundisha. Kwa msomaji asiyeishi vyuoni, kozi fupi ni mafunzo ya jioni na ya mwisho wa juma: uandishi wa ripoti, usimamizi wa miradi, uhasibu kwa wasio wahasibu. Ada zake hukiba mapengo ambayo bajeti rasmi huyaacha. Ili kuwapata wanafunzi tulikuwa na orodha ya anwani za barua pepe zipatazo 4,000. Baadhi ya wenye anwani hizo walijiandikisha kwa hiari ili wapate taarifa zetu. Wengine, nakiri, waliandika anwani zao kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina, nasi tukazihamishia kwenye orodha bila kuwauliza. Tuliiita orodha hiyo "mali ya kitengo". Neno hilo "mali" ndilo lililokuwa kosa letu la kwanza, ingawa siku hizo sikulijua.

Asubuhi moja ya Januari tulituma tangazo la kozi za mwaka mpya. Kichwa chake kilikuwa "Bado hujachelewa!", na mwanzo wake ulimtaja kila mpokeaji kwa jina lake kamili. Niliisoma rasimu, nikaipenda, nikaipitisha. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutuma. Mtandao ulikuwa mzito siku hiyo. Mfumo ukaonekana kuganda, naye akabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza barua ilikuwa inaondoka. Watu 4,000 walipokea tangazo lilelile mara tatu kabla ya saa nne asubuhi.

Ofisini tulicheka kidogo, tukaona aibu kidogo, tukasema yamepita. Siku ya tatu akaingia mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepanda daladala mbili kutufikia. Mkononi alikuwa na karatasi alizochapisha kwenye duka la stesheneri. Nilimwamkia na kumkaribisha kiti. Aliitikia, akakaa, akaweka karatasi zile mezani moja baada ya nyingine. Tatu za kwanza zilikuwa tangazo letu. Lilimtaja mumewe kwa majina yake yote matatu na kumwambia kwamba bado hajachelewa. Mumewe alikuwa amefariki yapata mwaka mmoja kabla ya hapo. Anwani yake ya barua pepe mama aliiacha wazi kwa sababu mambo ya mirathi na mafao yalipitia humo, kwa hiyo kila siku alilazimika kuifungua.

Kisha akaweka karatasi nyingine tatu. Hizo zilikuwa barua zake kwetu, za miezi mitatu tofauti ya mwaka uliotangulia, akijibu matangazo yetu ya wakati huo. Zote zilikuwa za adabu. Katika ya kwanza alitueleza kuwa mwenye anwani hayupo tena duniani, akaomba jina lake liondolewe. Katika ya pili alikumbusha. Katika ya tatu aliandika mstari mmoja tu.

"Sikuja kugombana, mwanangu," aliniambia. "Nimekuja kuuliza ni nani anayesoma."

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakukuwa na mtu. Barua zetu zilitoka kwenye anwani ambayo hakuna aliyepewa jukumu la kuifungua, na kwa sababu hiyo tulikuwa tumeandika chini yake ile sentensi ya kuwataka watu wasijibu. Ilituchukua siku mbili kulipata neno la siri la sanduku hilo. Tulipolifungua tulikuta mamia ya barua. Walikuwamo watu waliouliza ada, tena wengine wakiwa tayari kulipa. Alikuwamo mwajiri aliyetaka kuwaleta wafanyakazi wake 20. Alikuwamo mhitimu aliyelalamika kwamba jina lake limekosewa kwenye cheti. Walikuwamo wengi walioomba kuondolewa kwenye orodha. Na zilikuwamo zile tatu za mama, zikiwa na tarehe zake, hazijafunguliwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ya kisa hiki ambayo ni ngumu zaidi kwangu kuiandika. Uongozi uliitisha kikao. Swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: nani alibonyeza? Kila mtu alimtazama yule kijana. Ikapendekezwa kwamba tathmini yake ya mafunzo iandikwe kuwa hakuwa makini, na kwamba asipewe tena kazi ya kutuma chochote. Mimi niliyeidhinisha barua, mimi niliyeikubali ile sentensi ya "usijibu", nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao bado naukumbuka, nikijiambia kwamba kubonyeza mara tatu ni kosa lake kweli, si langu. Ndipo kijana akatoa simu yake, akasoma ujumbe aliomwandikia msimamizi wake wiki mbili kabla: kwamba sanduku la majibu limejaa, kwamba hana neno la siri, na kwamba kuna watu huenda wanaomba kuondolewa. Hakujibiwa. Msimamizi huyo nilikuwa mimi.

Hapo nilisema nilichopaswa kusema mwanzoni. Sitaki nipambe ukweli huo: nilikiri baada ya ushahidi kusomwa, si kabla. Tathmini ya kijana haikuchafuliwa. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo moja. Kosa letu lilikwishaandikwa mara nne kabla halijatokea, mara tatu na mama na mara moja na kijana. Wote wawili walitueleza kwa maandishi, kwa lugha safi, kwa wakati. Hatukukosa taarifa. Tulichokosa ni sikio.

Hoja yangu, basi, ni hii: anayewaandikia watu wengi hajifunzi kutokana na makosa yake iwapo ameziba njia ambayo habari za makosa hayo zingemfikia. Wataalamu wa masoko watakufundisha kupima kichwa cha barua, kuchagua saa ya kutuma, kuhesabu wangapi wamefungua. Hayo yote ni mambo ya kutazama watu. Kuwasikiliza ni jambo jingine.

Mambo haya hayakututokea sisi peke yetu, na mifano mikubwa inayojulikana duniani inatufaa. Tarehe 28 Desemba 2011 gazeti la The New York Times lilikusudia kuwaandikia watu wapatao 300 waliokuwa wamesitisha usajili wao, likiwashawishi warudi kwa nusu ya bei kwa wiki 16. Barua ikaenda kwa watu zaidi ya milioni 8. Huo ni mkono uliochagua orodha isiyo yake, na mkono wa binadamu huteleza. Lililofuata ndilo la kutafakari. Kwanza gazeti liliwatangazia wasomaji kwamba barua hiyo haikutoka kwake, waipuuze. Baadaye siku hiyohiyo likakiri kwamba ilitumwa na mfanyakazi wake mwenyewe.  Kauli ya kukana ndiyo iliyoongeza aibu, kwa sababu ilitolewa kabla ya kuuliza ndani ya nyumba.

Juni 2021 huduma ya filamu ya HBO Max iliwatumia sehemu ya wateja wake barua tupu ya majaribio, iliyosema tu kwamba hutumika kwa majaribio. Kampuni iliomba radhi haraka, ikasema kwamba ndiyo, ni mwanafunzi wa mafunzo kazini, na kwamba wanamsaidia. Kilichotokea baada ya hapo kilinigusa: watu wasiomjua kijana huyo walianza kumwandikia hadharani makosa yao wenyewe ya kazini, makubwa kuliko lake, ili wamfariji. Wengi waliisifu kampuni kwa ucheshi wake. Mimi nilikumbuka kikao chetu. Mwanafunzi wa mafunzo anapoweza kuwafikia wateja bila mkono wa pili kumzuia, basi swali halimhusu yeye. Linamhusu aliyeupanga mlango huo.

Aprili 2017 kampuni ya Adidas iliwatumia washiriki wa mbio za Boston Marathon barua ya pongezi ambayo kichwa chake kiliwapongeza kwa "kunusurika" katika mbio hizo. Kwa mkimbiaji wa mahali pengine ni utani wa kawaida, kwani kilomita 42 ni safari ya kuumiza. Lakini mwaka 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio hizohizo, yakaua watu 3 na kujeruhi zaidi ya 260. Barua haikuwa na kosa la tahajia wala la orodha. Ilikuwa na kosa la kumbukumbu: mwandishi hakumfikiria anayesoma yuko wapi na amepitia nini. Adidas waliomba radhi siku hiyohiyo, bila kujitetea. Nasi "Bado hujachelewa!" yetu ilikuwa ndugu ya barua hiyo.

Mfano wa mwisho ni wa Uingereza, nao ni wa kusikitisha kwa namna yake. Machi 2017 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya nchi hiyo iliitoza faini ya pauni 70,000 kampuni ya ndege ya Flybe. Kampuni ilikuwa imetuma barua pepe zaidi ya milioni 3.3 kwa watu waliokwisha kusema kwamba hawataki matangazo yake, ikiwauliza kama taarifa zao ni sahihi na kuwakaribisha wazirekebishe. Tafakari hilo, msomaji wangu. Mtu amesema "hapana", nawe unamwandikia ili kumuuliza kama kweli alimaanisha hapana. Jibu lake lilikuwapo tayari kwenye kumbukumbu. Halikuheshimiwa.

Sheria katika nchi nyingi zimekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za biashara haikuishia kukataza udanganyifu. Inamtaka mtumaji aweke njia ya kujiondoa inayofanya kazi kwa siku zisizopungua 30 tangu barua ilipotumwa, na atekeleze ombi la kujiondoa ndani ya siku 10 za kazi. Yaani sheria inamwambia: ukipiga hodi, usikimbie kabla mwenye nyumba hajajibu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayozuia kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake au ruhusa ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na juu yake Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Kwa mizani ya sheria hizi, karatasi yetu ya mahudhurio haikuwa ridhaa. Mtu aliandika anwani yake ili ionekane alihudhuria semina. Hakutupa ruhusa ya kumbishia hodi kila mwezi hadi baada ya kifo chake.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nililisikia kwa wenzangu: "Dokta, watu 4,000 wakijibu, nani atasoma?" Ni swali la haki. Vitengo vyetu vina watu wachache, na mishahara haiongezeki kwa kusoma barua. Lakini uzoefu wetu baada ya hapo ulionyesha kwamba watu hawajibu ovyo. Wengi hawana muda wa kutuandikia. Anayejibu kwa kawaida ana jambo. Na kama kweli majibu yatazidi uwezo wa wasomaji, dawa ni kupunguza barua zinazotoka, si kuziba masikio kwa zinazoingia. Asiye na nafasi ya kusikiliza watu elfu moja ajipe adabu ya kuwaandikia mia moja.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi, na nilikuwa mtetezi wake mimi mwenyewe. Baada ya kikao nilipendekeza tutume barua ya kuomba radhi kwa watu wote 4,000, na ndani yake tutoe punguzo la asilimia 10 kwa kozi yoyote kama kifuta machozi. Katibu muhtasi wetu, mama mtu mzima ambaye hakuwa na kawaida ya kuzungumza vikaoni, aliuliza kwa upole: "Na yule mama, Dokta, tutampa punguzo la nini?" Pendekezo langu lilifia hapo. Nilikuwa nimegeuza toba kuwa tangazo jingine. Kosa linalowahusu wote huombewa radhi kwa wote, kwa maneno machache na bila kuuza kitu. Kosa linalomhusu mmoja huombewa radhi kwa huyo mmoja, uso kwa uso ikiwezekana. Kuwabebesha maelfu barua ya nne kwa sababu zilizotangulia zilikuwa tatu ni kurudia kosa kwa jina la kulirekebisha.

Tulichokifanya mwishowe hakikuwa cha kitaalamu sana. Orodha tuliichuja, na kila aliyeingia kupitia karatasi ya mahudhurio tuliacha kumwandikia. Ikabaki chini ya nusu. Tuliweka utaratibu kwamba barua yoyote hutumwa kwanza kwa watu wanne wa ofisini, kisha husomwa na mtu wa pili ambaye hakuiandika, naye huulizwa swali moja: ni nani kati ya wapokeaji anayeweza kuumizwa na maneno haya? Tuliifuta ile sentensi ya chini. Badala yake tukaandika jina la mtu na saa za kazi. Kila Ijumaa mchana majibu yote ya juma husomwa mezani, na anayeanza kusoma ni mkuu wa kitengo, si kijana wa mafunzo. Ijumaa ya kwanza ilikuwa ya aibu tupu. Ya tano tuligundua, kwa barua ya mwanafunzi mmoja, kwamba tulikuwa tumetangaza kozi mbili kwa saa moja katika chumba kimoja. Aliyetusahihisha hakutozwa wala kulipwa chochote. Alijibu tu, kwa kuwa sasa kulikuwa na pa kujibu.

Wasomaji wa safu hii watauliza mambo ya barua za matangazo yana uhusiano gani na siasa na jamii. Naona uhusiano ni wa damu. Mwananchi wa leo hupokea kwenye simu yake ujumbe wa kukatika kwa umeme, wa tozo mpya, wa kuhimizwa kujiandikisha, wa pongezi za sikukuu. Mahali pa namba huonekana jina la taasisi. Akijaribu kujibu, simu inamkatalia. Viongozi wetu huzungumza kwa saa nyingi kwenye majukwaa, na mwishoni muda wa maswali huwa umekwisha. Tumejenga mifumo yenye midomo mingi na masikio machache, kisha tunashangaa kosa lilelile linaporudiwa katika bajeti tatu mfululizo. Na likibainika, tunauliza nani alibonyeza. Karani husimamishwa kazi, na aliyeidhinisha hunyamaza kama nilivyonyamaza mimi, akingoja kuona kama kuna ujumbe wowote kwenye simu ya mdogo wake.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo tunapenda kuitumia kujisamehe. Lakini ina sharti ndani yake: ili usirudie, lazima kwanza ujue kwamba ulikosa, na mara nyingi anayejua ni yule uliyemkosea, au yule wa chini kabisa aliyekuwa karibu na kitufe. Ukiwaziba midomo hao wawili, utarudia kosa kwa nia njema kabisa.

Mama yule tulimwendea nyumbani, mimi na kijana. Tulikwenda bila barua na bila zawadi. Alitupa chai, akatuonyesha picha ya marehemu, akamuuliza kijana anasoma nini na atamaliza lini. Kuhusu barua zetu alisema neno moja tu, kwamba alitaka kujua kama zimesomwa. Tukamwambia zimesomwa, zote tatu, kwa sauti, kikaoni. Tangu siku hiyo hatukumwandikia tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeshika orodha ya majina ya watu, awe mfanyabiashara, mkuu wa shule, kiongozi wa dini, mwenyekiti wa chama au ofisa wa serikali, ni dogo. Kabla hujaandika barua yako ijayo, tafuta neno la siri la sanduku la majibu. Lifungue. Anza na barua ya zamani kuliko zote.